Maswali yenu ya gari: Bushi mpya, stelingi mbaya

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina Land Cruiser VX 80 ya 1994, injini 1HZ, nimeinyanyua inchi 2 kwa springi na shokapu mpya ili mvua ikishika nipande Lushoto bila wasiwasi. Baada ya hapo gari ikaanza kuzurura, nikaambiwa dawa yake bushi (pete za kwenye maungio) za kasta, za poli (plastiki ngumu), nikanunua, fundi akafunga, sasa ndo balaa zaidi, nikifika kasi ya 80 barabara ya Segera nashika stelingi kwa mikono miwili, nikikata kona hairudi yenyewe, na nikikanyaga breki upande wa kushoto inagonga. Fundi anasema bushi ni feki nikanunue zingine. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yangu. Usitoe hela bado, mi sidhani kama bushi ndo zenye kosa.

Mbele ya Land Cruiser 80 ni ekseli moja nzima iliyoshikwa na amu (mikono ya chuma) mbili ndefu, na kila amu inaikamata ekseli sehemu mbili, boliti moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, halafu mwisho wa amu unaenda kwenye chesesi. Ukinyanyua gari amu zinainama, ekseli inazunguka kidogo nazo na kasta (ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili wa kugeuzia tairi) inapungua, kama digrii 1 kwa kila inchi, na kiwandani ilitoka na digrii 3 hivi, kwa hiyo wewe ulibaki na kama 1 tu. Kasta ndo inayorudisha stelingi katikati baada ya kona. Bushi za kasta tundu lake haliko katikati, limesogezwa makusudi ili ekseli irudi ilikokuwa. Sasa fundi akizigeuza, badala ya kukurudishia anakuondolea na ile kidogo iliyobaki, na dalili zake ni hizohizo ulizoandika.

Kuangalia huhitaji kufungua kitu, ingia chini na tochi. Kwenye kila amu, boliti ya mbele ya ekseli inatakiwa ikae juu ya kitovu cha bushi na ya nyuma ikae chini yake, na kulia na kushoto zifanane. Ukikuta kinyume, umemkamata mchawi. Ukikuta kulia tofauti na kushoto ni mbaya zaidi maana ekseli inavutwa huku na huku, na hapo lazima fundi aliingiza boliti kwa nyundo. Ila tusimwonee, hata ukifunga sawa boliti ya pili haiingii kirahisi, inabidi ekseli izungushwe taratibu kwa jeki na mkanda wa kufungia mizigo mpaka matundu yaonane. Nyundo hapana.

Kugonga sasa. Bushi ya mpira ya orijino ina ganda la chuma kwa nje lililobanwa ndani ya jicho la amu. Seti zingine za poli zinataka ganda la zamani libaki, zingine zinataka litoke kabisa, na mafundi wengi hawasomi karatasi (karatasi yenyewe inabaki na boksi dukani). Ganda likitolewa wakati lilitakiwa kubaki bushi inacheza na kugonga hasa kwenye breki, na likiachwa wakati lilitakiwa kutoka bushi haiingii, ndo unakuta mtu anaipunguza kwa grainda. Na nyie wa pwani chumvi inagandisha lile ganda kweli, kulitoa inabidi likatwe kwa msumeno ndani kwa ndani mpaka lilegee, polepole usile jicho la amu. Ukiona kipande cha bati kimechomekwa kujaza nafasi, rudisha gari kwa fundi siku hiyohiyo.

Ukiniuliza mimi, poli kwenye amu za mbele za 80 sizipendi. Tairi moja ikipanda jiwe ekseli inalala upande, na kwa vile kila amu imeshikwa sehemu mbili, kinachoruhusu huo mlalo ni ulaini wa bushi. Mpira unanyumbuka, poli inabisha, mwishowe inapasuka au inahamishia nguvu kwenye vishikio vya ekseli. Kwa njia zako tafuta bushi za mpira halafu kasta irekebishwe kwa sahani za chuma zinazohamisha matundu. Ukibaki na poli, paka grisi ya silikoni, maana bila hiyo zisipolia wiki hii zitalia wiki ijayo.

Mkimaliza nenda alaimenti na uombe namba za kasta za pande zote mbili kwenye karatasi. Wao hapo wanarekebisha tairi kuangalia ndani au nje tu, kasta ya 80 haina pa kurekebishia, kwa hiyo wasikwambie wameimaliza. Na ukirudisha kasta, pua ya difu ya mbele (pale inapofungwa propela) inashuka, kwa hiyo kama propela ya mbele inazunguka muda wote usishangae kusikia mtetemo mpya.

SWALI: Sasa. Niko na Corolla 110, fundi wa Grogan, mtaa wa gereji mjini, anasema bushi haziuzwi peke yake nichukue loa amu (amu ya chini) nzima. Ni ukweli ama anataka pesa? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Bushi peke yake zinapatikana, ila kama boljointi (kiungo cha mviringo mwisho wa amu) nayo imechoka, amu nzima inaweza kukutoka bei nafuu kuliko kulipia kila kimoja peke yake. Angalia boljointi kwanza. Cha maana zaidi ni boliti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini kwa tairi zake, maana zikikazwa gari iko hewani mguu unaning'inia, mpira unabaki umejipinda kila siku ukishusha gari na unachanika mapema, halafu lawama inaenda kwa mwenye duka. Kwa hiyo ukimkuta anamalizia boliti na gari bado iko kwenye jeki, mwambie aishushe kwanza.