Barua kwa mwanangu: wapwa wa Dongola

Mwanangu, meseji yako nimeiona, unauliza ufalme wa Makuria pale bonde la Nile uliwezaje kuwazuia Waarabu mwaka 652. Hilo halina shida, Wanubi, watu wa Makuria, walikuwa wapiga mishale hatari, walikuwa wanalenga macho, jeshi la Abdallah bin Saad, gavana Mwarabu wa Misri, likaishia kwenye mkataba, ule wa bakti, Nubia itoe watumwa 360 kwa mwaka na Misri ilete nafaka na nguo. Ukadumu miaka kama mia sita.

Mi kinachonisumbua ni kiti. Dongola, mji mkuu wa Makuria, kiti cha mfalme kiliweza kwenda kwa mpwa, mtoto wa dada, badala ya mtoto wa kuzaa. We si unajua ya babu yako na shamba la Matombo? Arobaini haijaisha watoto wa shangazi wakaja, sisi tuliopanda ile migomba na babu tukaambiwa tubebe vyetu, ukoo ni wa mama. Mpaka leo nikipita ile njia sigeuzi shingo. Lakini haya, na mimi kipande cha kwanza nilipewa upande wa mjomba, sasa nikilalamika nalalamikia nini? Ila inauma.

Nyumba mgeni haivunji mpaka wa ndani amfungulie mlango, nimewaambia hilo tangu mko wadogo. Mfalme Dawud wa Makuria alivamia bandari ya Misri ya Aydhab, Bahari ya Shamu, mwaka 1272, Sultani Baybars wa Misri akakasirika, lakini aliyekwenda Cairo kuomba jeshi ni Shakanda, jamaa yake Dawud kabisa, akidai kiti ni chake! Mwaka 1276 Wamamluki, wale watawala wa Misri wa Baybars, wakamrudisha Dongola, wakamkalisha, akala kiapo kwa sultani. Kufika 1317 ukumbi wa wafalme umeshageuzwa msikiti. Mlango ulifunguliwa na wa ndani.

Utataka niseme urithi wa wapwa ndo uliowamaliza, na mdomo unaniwasha kweli. Ila utaratibu huohuo si ndo uliwaweka karne na karne, na enzi za mfalme Zakaria mwanae Georgios akasafiri hadi Baghdad kuzungumza na khalifa deni la bakti, akarudi salama? Basi sihukumu. Shakanda huenda alikuwa na haki yake, hata watoto wa shangazi walikuwa nayo, lakini kwenda kumletea ndugu yako jeshi la watu, hapana, hilo sitalikubali.

Mama yako anakusalimia, piga simu Jumapili.