Maswali ya Wasomaji: Wahandisi Wanawake Tuliowaajiri Wanaondoka

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni meneja wa kampuni ya uhandisi wa majengo yenye wafanyakazi wapatao 80. Wakurugenzi wameniagiza niandae sera ya utofauti, haki na ujumuishi kazini. Kwa muda wa miaka 3 tumeajiri wahandisi wanawake 9, lakini 6 kati yao wameacha kazi kwa hiari yao. Wahandisi wetu wakongwe wanasema kwamba tukiendelea kuajiri kwa kuangalia jinsia tutashusha viwango, na katika kazi yetu kiwango kikishuka watu hufa. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, hofu ya wakongwe wako si ya kupuuzwa, kwa kuwa zege halimwonei mtu haya, na hesabu mbaya haisamehewi kwa ajili ya nia njema ya aliyeipiga. Lakini barua yako haisemi popote kwamba wale 6 walishindwa kazi. Walipita usaili wenu, wakaingia, wakaona waliyoyaona, wakaondoka. Kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa sera, jiulize walikuwa wakipewa kazi gani.

Chukua kumbukumbu za miradi ya miezi 12 iliyopita, uandike jina kwa jina: nani alipiga hesabu za mihimili, nani alisimamia umwagaji wa zege, nani alikwenda kuonana na mteja, nani alitia saini michoro, na nani aliandika muhtasari wa vikao. Mhandisi hukomaa kwa kazi anazopewa, na anayekaa miaka 2 akirekebisha michoro ya wenzake atachelewa kupanda cheo hata akiwa na akili kuliko wote, kisha kuchelewa kwake kutatajwa kuwa ushahidi kwamba hakustahili.

Niliwahi kukaa katika kikao cha kampuni moja kilichohusu msingi wa kituo cha kusukumia maji. Mhandisi mwanamke alikuwa mmoja tu mezani, na hesabu za udidimiaji wa udongo zilikuwa zake, lakini kikao kilipoanza alisogezewa daftari aandike muhtasari, bila mtu kumuuliza. Mteja alipouliza msingi ungedidimia kiasi gani, mkubwa wake alijibu kwa niaba yake, akataja milimita 15 badala ya 25. Nilimwona yule dada akinyanyua kalamu, akaangalia huku na huku, kisha akainama na kuandika 25 kwenye muhtasari. Tofauti ya milimita 10 yaweza kupasua kiungo cha bomba, na aliyeijua alikuwa hapo hapo, ila hakuna aliyemzoesha kwamba sauti yake inahitajika. Hapo ujumuishi na usalama wa jengo vilikuwa jambo moja, na bado naumia nikikumbuka kwamba hata mimi sikusema kitu.

Sasa kuhusu viwango. Wakongwe wako wanachukulia kwamba kipimo kilichopo hakina upendeleo. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo wahadhiri 127 wa sayansi walipewa maombi ya kazi ya maabara yaliyofanana neno kwa neno, isipokuwa baadhi yalikuwa na jina la John na mengine la Jennifer. John alionekana hodari zaidi na alipendekezewa mshahara mkubwa zaidi, na wahadhiri wanawake walifanya vivyo hivyo kama wanaume. Kipimo cha namna hiyo kingekuwa kifaa cha upimaji ardhi, mngekirudisha kirekebishwe kabla ya kukipeleka tena kazini. Andikeni sifa za kazi kabla ya kufungua maombi. Waulizeni wasailiwa wote maswali yale yale. Na kila msaili aandike alama zake peke yake kabla ya kusikia maoni ya mkubwa wake. Hakuna anayependelewa hapo, na wakongwe watagundua kwamba usaili umekuwa mgumu zaidi.

Nenda pia stoo ukaangalie vifaa vya kinga. Mkanda wa kufanyia kazi za juu ambao umekatwa kwa kiwiliwili cha mwanamume mpana humlegea mtu mwembamba kwenye mapaja na mabega, na mkanda uliolegea humuumiza au humwachia anapoanguka. Uhandisi una historia ndefu ya kosa hili: sanamu inayotumika sana katika majaribio ya ajali za magari, iliyobuniwa miaka ya 1970, ilifuata umbo la mwanamume wa wastani, na uchambuzi wa ajali za Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba uwezekano wa dereva mwanamke aliyefunga mkanda kuumia vibaya ulizidi wa mwanamume kwa asilimia 47 katika ajali zinazolingana.

Mishahara nayo ikaguliwe kila mwaka, cheo kwa cheo, kwa kuwa Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani umedai malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa tangu mwaka 1951. Na malalamiko ya unyanyasaji yasipelekwe kwa bosi yule yule anayelalamikiwa. Sera yenyewe iandike baada ya haya, ukiwa umezungumza na wale 6, ikiwa watakubali kuzungumza nawe.

SWALI: Mimi ni mhandisi kijana ninayetumia kiti cha magurudumu. Mkuu wangu hanipeleki eneo la ujenzi, ilhali bila uzoefu huo sitasajiliwa. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, usidai "kupelekwa saiti" kwa jumla, kwa sababu ni rahisi kukataliwa kwa jumla. Orodhesha kazi moja moja: kukagua nondo kabla ya zege kumwagwa, kupokea vipimo vya maabara, kuendesha kikao cha wakandarasi, kukagua ghorofa za juu. Kando ya kila moja andika unachohitaji, iwe ni njia ya mbao iliyo imara, lifti ya ujenzi, au picha za ndege isiyo na rubani kwa sehemu usizofika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unahesabu kukataa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi, kwa hiyo angalia kama nchi yako imeuridhia na sheria yake ya kazi inasemaje. Mkabidhi mkuu wako orodha hiyo, nakala ibaki kwako, na umwombe ajibu kwa maandishi kila kazi peke yake.