Wasichana kuhama timu ya programu: anzeni na ugawaji wa kazi

Mkuu, umesema timu yenu Dar ina watu 9, wasichana 3, na wawili kati yao wameomba kuhamia huduma kwa wateja ilhali "hakuna anayewadharau". Nakuamini. Ila dhana kwamba kompyuta ni ya kiume (wakati ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza, mwaka 1946 iliprogramiwa na wanawake sita) haihitaji mtu wa kuitamka. Inakaa kwenye ugawaji wa kazi, na huko inahesabika.

Chukueni kazi zote za wiki 8 zilizopita. Fungueni jedwali la safu nne: jina, kazi, saa zilizotumika, na kama kazi hiyo hutajwa wakati wa kupandisha watu cheo. Kubuni databesi, kuunganisha malipo ya simu, kufufua seva iliyodondoka: hizo hutajwa. Muhtasari wa kikao, kuagiza chakula, kumwelekeza mwanafunzi wa mafunzo kazini, kujaribu mfumo ulioandikwa na mwingine: hizo hazitajwi. Jumlisheni saa za kila mtu, kisha wekeni majumlisho hayo kando ya mishahara.

Hapo atatokea wa kusema "lakini msichana huwa anajitolea mwenyewe". Mchumi Linda Babcock na wenzake walilipima jambo hili Marekani, wakachapisha mwaka 2017. Kwenye makundi ya mchanganyiko wanawake walijitolea zaidi. Kwenye makundi ya jinsia moja tofauti ikatoweka. Maana yake wanaume hungoja kwa sababu wanajua mwanamke atainuka. Kwa hiyo acheni kabisa kuuliza "nani ataandika muhtasari?" Pangeni zamu kwa alfabeti, bosi naye awemo. Aliyekosa siku yake abadilishane na mwenzake, asiachiwe tu.

Zamu ya usiku ndiyo inayoharibu zaidi, maana huonekana kama huruma. Msichana anaondolewa "asihangaike na usafiri", na mfumo unapodondoka usiku hayupo. Baada ya mwaka anaambiwa hajui mfumo kwa undani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazuia kazi ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa mjamzito katika miezi miwili kabla ya kujifungua na kwa mama katika miezi miwili baada yake, na muda huo huweza kubadilika kwa cheti cha daktari. Haijamtoa mwingine yeyote kwa sababu tu ni mwanamke. Toeni laptopu, bando na nauli kwa kila aliye zamu, mwanamume kwa mwanamke, na msisahau nyongeza ya usiku: angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, kwa kila saa ya usiku.

Kwenye usaili, maswali yawe yaleyale kwa wote, na kila msaili aandike alama zake kabla hamjajadiliana. Mkianza kuzungumza kwanza, alama zote zitamfuata mkubwa. "Umeolewa?" na "unatarajia mtoto lini?" yafutwe: sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa ujauzito na hali ya ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi.

Rudieni hesabu baada ya wiki 8 nyingine. Na yule msichana wa tatu, asiyeomba kuhama, msimkabidhi kuunda "kamati ya wanawake" juu ya kazi zake. Mkimpa, saa zake ziingie kwenye jedwali na zitajwe wakati wa kupandisha vyeo.