"Sina bandama": liseme kabla hujapimwa malaria

Bandama yangu ilitolewa mwaka 2016, baada ya bodaboda niliyopanda kugongana na daladala Tabata. Ilipasuka, damu ikajaa tumboni, wakaitoa usiku huohuo. Kovu likapona, nikarudi dukani kwangu Kariakoo, na kwa miaka mitatu sikukumbuka kwamba kuna kitu nimepungukiwa.

Halafu mbwa wa jirani huku Kinyerezi, mbwa ninayemjua tangu akiwa mtoto, akanikwaruza kidole kwa jino nikimpa mifupa. Damu tone moja. Shemeji akanishikia bango nikachome sindano za kichaa cha mbwa. Nikachoma, nikajiona nimemaliza. Siku ya tatu, jioni ya joto la Februari, baridi ikanishika hadi meno yanagongana. Nikaenda kituo cha afya cha jirani. Malaria hakuna. Meza panadol, urudi kesho.

Kesho! Aliyeniokoa ni muuguzi aliyeona kovu nilipokuwa navaa shati. "Kaka, hapo ulipasuliwa nini?" Nikamwambia. Alitoka mbio kumwita daktari. Nilichomwa seftriaksoni, sindano ya antibayotiki, palepale, nikakimbizwa hospitali kubwa, presha imeshuka, miguu ina madoa ya zambarau.

Daktari wa huko alinieleza kwamba bandama ndiyo chujio la damu. Ikikosekana, bakteria wenye gamba linaloteleza hupita bila kukamatwa, na mtu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mara nyingi ni numokoki, yule wa nimonia. Kwangu alimshuku mwingine, wa nadra: Capnocytophaga canimorsus. Jina hilo la pili ni Kilatini, linataja ng'ato ya mbwa. Anaishi kinywani mwa mbwa na paka wazima kabisa, na chanjo ya kichaa haimgusi. Maabara huchelewa sana kumwotesha, kwa hiyo matibabu hayamsubiri. Damu yangu haikuota kitu. Nilishachomwa dawa kabla ya kutolewa damu.

Sasa homa ikinijia, neno la kwanza mapokezi ni "sina bandama", na karatasi inayosema hivyo imo kwenye pochi. Nyumbani nina antibayotiki niliyoandikiwa na daktari: nameza dozi ya kwanza, kisha naondoka kwenda hospitali usiku uleule. Dozi ile ni ya kununua muda tu. Nikikwaruzwa na mnyama, naosha kwa maji mengi na sabuni, halafu naenda kuomba dawa kabla homa haijaanza. Chandarua silali bila, maana malaria nayo hutupiga vibaya zaidi.

Chanjo za numokoki, homa ya uti wa mgongo na Hib (bakteria mwingine mwenye gamba) nilizipata kwa kuchelewa. Anayepangiwa kutolewa bandama apewe angalau wiki mbili kabla; wa dharura kama mimi, wiki mbili hivi baadaye. Ulizeni wenyewe. Mimi sikuambiwa.

Na wenye watoto wa selimundu, hili ni lenu pia: bandama zao hufa zenyewe wangali wadogo, na hakuna kovu la kumshtua muuguzi.

Mbwa bado tunasalimiana. Mifupa anapewa na shemeji.