Kujua foklifti hakutoshi kupanda kikapu

Ndugu, umeuliza kama uzoefu wa foklifti unatosha kuendesha mashine ya mkono mrefu, ile ya kuinulia mafundi wakiwa ndani ya kikapu, hapo saiti yenu Kisumu. Hautoshi, tafadhali usipande. Kadi ya mafunzo ya IPAF, shirikisho la kimataifa la mashine za kuinulia watu, hutolewa kwa aina ya mashine: 3a ya zinazopanda wima kama ile ya mkasi, 3b ya zenye mkono. Hudumu miaka 5.

Kinachonitia hofu zaidi ni ardhi. Udongo mweusi wa huko ukinyeshewa hulainika; gurudumu moja likizama kidogo tu, kikapu juu huyumba vibaya. Ndiyo maana mkanda wa usalama hufungwa kikapuni kwa kamba fupi, mtu asirushwe nje. Na upepo wa ziwa alasiri!

Msimamizi akikulazimisha, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakuruhusu kuripoti hatari na kutorudi hapo hadi irekebishwe.