Kabla Hujakata Jina kwenye Wosia

Wosia wa Baba haukuwa na tatizo hadi ami yetu, aliyetajwa humo kuwa msimamizi, alipofariki. Baba alikuwa ameshashika biki: akate jina la marehemu, aandike la dada yangu mkubwa juu yake, basi. Nikamwomba aiweke chini kwanza.

Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ukifuta au kuchomeka neno kwenye wosia uliokwisha kutiwa sahihi, badiliko hilo halina nguvu mpaka wewe na mashahidi wawili mlitilie sahihi. Kwa hiyo biki peke yake ingemwacha ami palepale, marehemu anayesimamia mali.

Sahihi hizo zaweza kuwekwa pambizoni, mkabala na mstari uliobadilishwa. Binafsi siipendi njia hiyo. Nafasi ni finyu, sahihi tatu zinabanana, na kila mkwaruzo unampa mtu la kuuliza mahakamani: nani aliandika hapa, na lini? Sisi tulitumia nyongeza ya wosia, karatasi ya pekee inayotaja tarehe ya wosia wa awali, kipengele kinachobadilika, na kwamba mengine yote yanabaki yalivyo. Wakili aliimaliza kwa nusu ukurasa.

Ubishi ulizuka siku ya sahihi. Katika nyongeza hiyo Baba alimwachia dada mashine ya kusaga mahindi, na shemeji, mumewe, akajitolea kuwa shahidi. Hapana! Zawadi kwa shahidi, au kwa mke au mume wa shahidi, ni batili, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiofaidika. Shemeji alinuna kidogo, tukaita majirani wawili. Kila mmoja alimwona Baba akitia sahihi, kisha akatia yake mbele ya Baba.

Jambo dogo: usibanue pini za wosia wa zamani ili uambatishe nyongeza. Matundu ya ziada kwenye karatasi huzua maneno. Bahasha moja inatosha.

Ukitaka kugawa shamba upya, achana na viraka. Andika wosia mpya unaofuta uliotangulia. (Waislamu wana taratibu zao za mirathi, muulizeni anayezijua.) Na ukioa au kuolewa, ndoa yenyewe hufuta wosia wako, ila kama uliuandika ukitarajia kufunga ndoa na mtu uliyemtaja. Hilo nililisema kwa sauti makusudi, maana Baba ni mjane na siku hizi ananyoa ndevu kila asubuhi.