Taichi na taekkyeon: kabla hujarusha teke, jifunze kusimama

Niseme ukweli, nilipoenda kusoma Zhengzhou, China, nilijua narudi Bongo naruka ukuta, si unajua tena Shaolin, lile hekalu la kung fu, ipo mkoa uleule wa Henan. Matokeo yake mwezi wa kwanza mzima nikafundishwa kusimama. Kusimama tu!

Ilikuwa bustani ya jirani na hosteli, saa kumi na mbili asubuhi, wazee wamejaa, kijana peke yangu na mgeni juu, kila mmoja na chupa yake ya maji ya moto. Bibi mmoja akaniweka miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele kama nimekumbatia mti, wenyewe wanaita zhan zhuang. Nikaona kazi rahisi. Dakika ya tatu mapaja yanatetemeka kama cherehani, mabega yamepanda mpaka masikioni, bibi akipita ananigonga bega kwa kidole, "fang song, fang song", yani legeza. Nalegeza, muda si mrefu yamepanda tena. Hapo ndo nikajua kumbe siku nzima natembea nimekaza mabega, darasani, kwenye basi, nadhani hata usingizini.

Kwahiyo wewe unayeanza, simama dakika mbili, wiki ikiisha ongeza moja. Ukizoea ndo uingie kwenye taichi, ile sanaa ya mapigano ya Kichina inayochezwa polepole, anza na ya miondoko 24, ile waliyoitunga 1956 kwa kufupisha mtindo wa ukoo wa Yang ili watu wa kawaida waiweze. Yote ni dakika tano sita hivi ila mimi ilinichukua miezi mitano kuikariri.

Sasa kosa langu. Niliona video za vijana wa Chenjiagou, kile kijiji cha ukoo wa Chen wenye mtindo wao wa taichi, wanashuka chini kabisa, na mimi nikashuka, na aliyekuwa ananielekeza siku hizo alikuwa ananiangalia tu. Wiki tatu napanda ngazi nimeshika ukuta. Goti lisipite vidole vya mguu na lielekee vinakoelekea, lisiingie ndani. Mapaja kuwaka moto sawa, goti kuuma hapana, acha hapohapo.

Taekkyeon, sanaa ya mapigano ya Kikorea, niliipata kwa jirani yangu wa hosteli, Mkorea. Wengi wakisikia Korea wanajua taekwondo ya Olimpiki, hii ni ya zamani zaidi, ilikaribia kupotea enzi za utawala wa Mjapani, mzee Song Deok-gi aliyezaliwa 1893 ndo akaibeba mpaka serikali ikaitambua 1983, UNESCO nao wakaiorodhesha kwenye urithi wa utamaduni 2011, miaka tisa kabla ya taichi. Kwa mbali utasema mtu anacheza ngoma, hatua zinachora pembetatu, goti linanesa, huku anatoa sauti toka tumboni, ik! ek! Mimi niliona aibu nikawa nanong'ona, jamaa alinicheka huyo. Kumbe ile sauti ndo inakulazimisha utoe pumzi, ukiibana unachoka mapema na mwili unakuwa mgumu kama gogo.

Upande wa akili sikudanganyi kwamba stresi zinaisha. Hela ya nyumbani iliendelea kuchelewa vilevile. Ila ukiwa umesimama huna simu, huna pa kukimbilia, mawazo yanakuja kwa foleni, unahesabu pumzi unafika saba umepotea unarudi moja. Kilichobadilika kwangu ni usingizi, na ile tabia ya kujibu meseji za watu kwa hasira, siku hizi mabega yakianza kupanda tu najua nishakasirika, naweka simu chini.

Halafu viatu, tafuta vya soli bapa nyembamba, raba za kukimbilia soli nene zinakuyumbisha. Mimi navaa za mtumba, nasimama uwani saa kumi na moja na nusu kabla watoto wa jirani hawajaamka, maana wakiniona wanajipanga wote nyuma yangu, kila mmoja kakumbatia mti wake, na hapo hakuna tena kuhesabu pumzi.